Sakramenti parokiani Dar es Salaam: anzia jumuiyani, na ujue cheti chako kilipo

Mambo ya sakramenti katika jiji hili huja kwa kukurupushana. Mtoto ametimiza mwaka hajabatizwa, na bibi yake kule kijijini anapiga simu kila wiki kuuliza. Ukumbi wa harusi umeshalipiwa, ndipo wachumba wanakumbuka kwenda kumwona paroko. Mgonjwa amelazwa hospitali ya Amana, hali imebadilika usiku, na nyumba nzima hakuna mwenye namba ya padre. Ukichunguza, mara nyingi chanzo ni kilekile: mtu ameishi Dar miaka mingi, Jumapili hakosi, lakini parokia haimjui. Anaingia Misa ya kwanza, anatoka, anawahi daladala. Siku akihitaji kitu ofisini anakuwa mgeni kama aliyefika jana.

Kwa hiyo fanya mambo mawili mapema, wakati huna shida yoyote. Jiandikishe jumuiyani, na tafuta cheti chako cha ubatizo.

Hatua ya kwanza: jumuiya

Parokia zetu ni kubwa. Jumapili moja ina Misa tatu au nne, watu wamejaa hadi nje kwenye maturubai, na padre hawezi kumjua kila mtu kwa sura. Anakujua kupitia Jumuiya Ndogondogo ya Kikristo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na hapa Tanzania ndizo zilizobeba Kanisa la mitaani mpaka leo. Jumuiya kadhaa hufanya kanda, kanda huunda kigango au parokia. Paroko akitaka kuhakikisha kwamba wewe ni nani, atamuuliza mwenyekiti wa jumuiya yako.

Kuipata si kazi. Toka nje, muulize mama jirani mwenye rozari shingoni au kalenda ya Kanisa ukutani. "Shikamoo mama. Samahani, nimehamia hapa juzi. Jumuiya ya Wakatoliki inasali wapi?" Atakujibu, "Marahaba mwanangu, Jumamosi hii tupo kwa Mama Jeni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usichelewe." Sehemu nyingi za jiji husali Jumamosi alfajiri hivyo, watu wakiwa hawajaenda kwenye shughuli. Utakuta mkeka na viti vichache vya plastiki uani, kimeza chenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na Biblia. Ukifika sema "Tumsifu Yesu Kristo", utaitikiwa "Milele na milele, amina". Wanasali, wanasoma Injili ya Jumapili inayofuata, wanashirikishana, kisha matangazo. Wakati wa matangazo ndipo wageni wanapojitambulisha. Taja jina, ulikotoka na nyumba unayoishi, kisha mwombe katibu akuandike kwenye daftari la familia pamoja na watoto wako wote. Watoto wanasahaulika sana hapo.

Usitegemee kuandikiwa barua ya utambulisho siku hiyohiyo. Viongozi wa jumuiya wanaweka saini yao mbele ya paroko, na ni haki yao kwanza wakujue. Ndiyo maana nasema nenda mapema. Kama kazi yako ni ya zamu, wewe ni askari, nesi au dereva, mweleze mwenyekiti waziwazi. Kuna jumuiya ambazo mume na mke wanapokezana, na mtu wa zamu akionekana mara moja kwa mwezi huku akishiriki misiba na wagonjwa, hakuna anayemnyooshea kidole.

Kuhusu fedha, niseme wazi kwa sababu watu wengi wamekimbia kwa jambo hili. Zaka na michango ni wajibu wa kweli wa mwamini, parokia haijengwi na malaika. Lakini sakramenti haiuzwi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 848, inaagiza kwamba wahitaji wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kama huna, nenda kwa paroko mwenyewe saa za ofisi ukamwambie huna. Usikae nyumbani na aibu huku mtoto anakua bila ubatizo.

Wanaoishi upande wa Bagamoyo wakumbuke kwamba tangu Machi 2025 kuna Jimbo la Bagamoyo, lililomegwa kutoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro. Kama parokia yako iliingia huko, vibali vya askofu vinatafutwa huko.

Hatua ya pili: cheti cha ubatizo

Wakatoliki wengi wa Dar walibatizwa kwingine: Rombo, Ngara, Masasi, Mbinga. Kitabu chenye jina lako kiko huko mpaka leo. Na kitabu hicho hakiandiki ubatizo peke yake. Pembeni ya jina lako huongezwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu au nadhiri za daima, popote utakapozipatia. Parokia iliyokufungisha ndoa Dar inapaswa kutuma taarifa kule ulikobatizwa. Ndiyo sababu, ukitaka kuoa au kuolewa, ni vizuri upate nakala mpya ya cheti iliyotolewa karibuni. Karatasi ya mwaka uliobatizwa haiwezi kuonyesha yaliyotokea baadaye.

Kama unacho, kitoe kwenye sanduku leo, kipige picha, itume kwa simu ya ndugu pia. Walioishi mabondeni, kandokando ya Mto Msimbazi, wanajua mafuriko yanavyofanya na karatasi. Kama huna, piga simu ofisi ya parokia uliyobatizwa au mtume shangazi aliye karibu, akiwa na jina lako la ubatizo, majina ya wazazi, mwaka unaokadiriwa na jina la msimamizi. Namba ya ubatizo ikijulikana, kazi inakuwa ya dakika chache. Isipojulikana, katekista atapekua kurasa, mvumilie.

Ikiwa hata kitabu chenyewe kimepotea, usikubali kubatizwa upya kama njia ya mkato, kwa sababu ubatizo haurudiwi. Kanuni ya 876 inaruhusu tamko la shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, au kiapo cha mhusika mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Mama yako, au yule aliyekushika siku ile, anatosha kabisa.

Ubatizo wa mtoto

Kanisa linataka mtoto abatizwe katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Hapa kwetu tunangoja: mama apone, baba apate fedha za sherehe, msimamizi atoke Mwanza. Ushauri wangu ni kutenganisha ubatizo na pilau. Batiza kwanza, sherehe ifuate siku utakapoweza.

Nenda ofisini ukiwa na barua ya jumuiya, vyeti vya wazazi na jina la msimamizi. Parokia nyingi zina siku maalumu ya ubatizo kila mwezi na semina fupi ya wazazi na wasimamizi kabla yake, kwa hiyo ulizia tarehe zote mbili. Msimamizi awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepata kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake. Baba au mama mzazi hawezi kumsimamia mwanawe. Mmoja anatosha, si lazima wawili. Rafiki yako wa KKKT (Mlutheri) au Anglikana anaweza kusimama kama shahidi wa ubatizo akiwa pamoja na msimamizi Mkatoliki, ila si peke yake.

Jina si lazima liwe la mtakatifu. Sheria inataka tu lisiwe geni kwa hisia za Kikristo, kwa hiyo Neema, Baraka na Upendo hawana tatizo lolote, ingawa kumpa mtoto mwombezi mbinguni ni desturi nzuri nisiyotaka ipotee. Jambo la kuangalia kwa macho makali ni herufi. Majina ya tangazo la kizazi, cheti cha kuzaliwa cha RITA na cheti cha ubatizo yalingane. "Elizabeth" huku na "Elizabeti" kule, au ukoo umeandikwa wa babu upande mmoja, na miaka ishirini baadaye mtoto anahangaika na viapo. Kabla katekista hajaandika kitabuni, mwandikie majina kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Siku ya siku, beba nguo nyeupe, mshumaa, na kanga ya ziada kwa sababu kichwa kitalowa.

Je, wazazi ambao hawajafunga ndoa ya Kanisa? Wasimfiche mtoto. Kinachodaiwa na sheria ni ridhaa ya mzazi mmoja angalau, na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Januari 2014 Papa Fransisko mwenyewe alimbatiza, katika Kikanisa cha Sistina, mtoto wa wazazi waliokuwa na ndoa ya serikali tu. Paroko atawahimiza mrekebishe ndoa yenu, na atakuwa anafanya kazi yake. Sikilizeni, na mpange naye tarehe.

Na hili kila mzazi, nesi na mkunga alijue. Mtoto akiwa hatarini, tuseme njiti aliyezaliwa hospitali ya Temeke au Mwananyamala usiku wa manane, mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata asiye Mkatoliki, mradi anakusudia kufanya kile Kanisa linachofanya. Mimina maji ya kawaida kichwani yatiririke, hata kama ni kidogo, huku ukisema: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Yule anayemimina ndiye asemaye. Andika saa na jina la aliyebatiza, ukatoe taarifa parokiani. Mtoto akipona hapelekwi kubatizwa tena. Atapelekwa kanisani kukamilishiwa ibada zilizobaki, kama mafuta, nguo nyeupe na mshumaa.

Mtu mzima anayetaka ubatizo huingia darasa la wakatekumeni, na kwa kawaida hupokea ubatizo, kipaimara na komunyo kwa pamoja usiku wa Mkesha wa Pasaka. Mtoto aliyepita miaka 7 naye huhesabiwa upande huo, kwa hiyo anaanza na mafundisho. Anayetoka KKKT au Anglikana na cheti chake mkononi habatizwi upya, anapokelewa katika ushirika kamili.

Komunyo ya kwanza na kipaimara

Hapa kazi kubwa ni mahudhurio. Uandikishaji hutangazwa kanisani mara moja kwa mwaka, tangazo linasomwa baada ya komunyo wakati watu wameshaanza kukusanya mikoba. Kaa usikilize mpaka mwisho. Mafundisho yanahesabiwa kwa miaka, si kwa wiki, na kila parokia ina utaratibu wake. Mtoto atatakiwa kujua sala za kila siku, Nasadiki, Amri za Mungu na Amri za Kanisa, na atahojiwa na padre. Msaidie nyumbani. Ukisali naye Baba Yetu na Salamu Maria kila usiku kabla ya kulala, katekista anabaki na kazi ya kumfafanulia tu.

Mkihama katikati ya mafundisho, mfano kutoka Tabata kwenda Chanika, usiondoke bila barua ya katekista inayosema mtoto amefikia wapi. Bila barua hiyo ataanza upya, na watoto wengi hukata tamaa hapo. Anayesoma bweni mwulizie kama shule ina mafundisho na kama yanatambuliwa na parokia.

Kipaimara hutolewa na Askofu Mkuu, askofu msaidizi, au padre aliyepewa mamlaka hayo, na tarehe inatoka jimboni. Usikate tiketi ya safari ya mtoto miezi hiyo. Msimamizi wa kipaimara anatakiwa kuwa na sifa zilezile za msimamizi wa ubatizo, na Kanisa linapendelea awe yuleyule aliyekusimamia ubatizoni, kama yupo.

Kila mnapotaka kukomunika kuna mfungo wa saa moja kabla ya komunyo: usile wala kunywa kitu, isipokuwa maji na dawa. Wagonjwa na wazee pamoja na wanaowauguza hawabanwi na saa hiyo. Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili, jambo jema kwa wenye zamu.

Kitubio

Padre hukaa kitubioni saa zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo, na ukikosa saa hizo mwombe tu, hatakufukuza. Sheria inadai walau mara moja kwa mwaka kwa mwenye dhambi ya mauti, lakini aliyekaa miaka kumi au ishirini asiogope idadi hiyo. Sema: "Padre, nimekaa muda mrefu sana, naomba unisaidie." Atakuongoza kwa maswali. Ukiona haya kwa sababu padre wako anakujua, nenda parokia nyingine. Wafanyakazi wa Posta na Kivukoni wana Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu jirani. Siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote ile, hata padre akitishiwa.

Kama unaishi na mwenza bila ndoa, usidhani huna mlango. Nenda ukaongee. Hapo ndipo ndoa nyingi zimeanzia.

Ndoa

Mwone paroko kabla ya kamati ya harusi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona wachumba wakilia ofisini: kadi zimechapishwa, ukumbi umelipiwa, michango imeliwa nusu, halafu kinaonekana kitu ambacho kingetatuliwa kwa miezi minne na wao wamebakiwa na wiki tatu. Nenda miezi sita kabla. Epuka Kwaresima, na uliza kuhusu Majilio, kwa maana parokia nyingi hazifungishi ndoa majira hayo.

Mtabeba barua za jumuiya zote mbili, vyeti vya ubatizo na kipaimara, na vitambulisho. Mtapewa mafundisho ya ndoa. Padre atamhoji kila mmoja peke yake: una hiari, hujalazimishwa na familia, hujawahi kufunga ndoa, uko tayari kupokea watoto? Jibuni kweli. Kama kuna ndoa ya zamani, hata kama ni ya kimila au ya bomani, itajeni siku hiyo ya kwanza. Kisha majina yenu yatatangazwa kanisani Jumapili tatu, kwenye parokia ya kila mmoja. Anayejua kizuizi analazimika kusema, na tangazo hilo linamlinda bibi harusi kuliko mtu mwingine yeyote.

Mchumba akiwa Mkristo wa dhehebu jingine, mnahitaji ruhusa ya askofu. Akiwa Mwislamu au mtu asiyebatizwa, panahitajika kuondolewa kizuizi cha tofauti ya dini, na bila hicho ndoa si halali mbele ya Kanisa. Mkatoliki huahidi kutunza imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Halazimishwi kubadili dini. Katika jiji lenye familia nyingi za mchanganyiko kama hili, ombi hilo si geni mezani pa paroko. Ila linachukua muda, maana faili linakwenda jimboni.

Sasa wale wa uchumba sugu, mna watoto watatu na kila kitu ndani. Kubariki ndoa hakuhitaji gauni wala ukumbi. Yanayohitajika ni ninyi wawili mlio huru, padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Inaweza kuwa Misa ya asubuhi siku ya kazi, na parokia nyingi hubariki ndoa kadhaa kwa siku moja ili kupunguza gharama. Mkitoka hapo mmerudi mezani kukomunika pamoja na watoto wenu. Sijui sherehe inayozidi hiyo. Cheti cha ndoa cha serikali kisainiwe palepale, angalieni majina kabla ya kusaini.

Daraja takatifu

Kijana akionyesha wito, mlango ni paroko na mkurugenzi wa miito. Safari ni ndefu, ya falsafa kisha teolojia, na hapa Dar tuna Seminari Kuu ya Segerea. Mpelekeni awe mtumishi wa altare kwanza, na msimsukume wala kumzuia.

Mpako wa wagonjwa

Bado tunauogopa kama hukumu ya kifo, tunamwita padre mgonjwa akiwa hajui aliye naye. Sakramenti hii ni ya mtu aliyeanza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Mwenye upasuaji mkubwa Muhimbili wiki ijayo anastahili, na babu aliyedhoofika pia. Akiwa na fahamu ataungama, atapakwa, atapokea komunyo, ile ambayo kwa anayekaribia kufa wazee huiita pamba ya njiani, yaani chakula cha safari. Faida yote hiyo inapungua tukichelewa.

Andika leo kwenye simu namba ya ofisi ya parokia, ya mwenyekiti wa jumuiya na ya katekista. Nyumbani tayarisha meza ndogo yenye kitambaa safi, msalaba, mshumaa, maji ya baraka na glasi ya maji ya kunywa. Hospitalini mwambie nesi wa zamu unahitaji padre Mkatoliki, na wakati huohuo piga parokia iliyo jirani na hospitali, kwa sababu foleni ya kutoka Mbagala hadi Upanga haimngoji mgonjwa. Mweleze padre jina, wodi, namba ya kitanda na kama mgonjwa anaweza kumeza.

Mpako ni kwa walio hai. Pakiwa na shaka kama ameshafariki, padre atampaka, kwa hiyo mwiteni hata mkidhani mmechelewa. Na akipona, kisha ugonjwa ukarudi au ukazidi, aitiwe tena. Mpako unaweza kurudiwa.